Gari la Kuka na Deni la Mandazi



Wenzangu wengi katika kurasa hizi huandika juu ya safari ya Mombasa, harusi iliyofana, au ndoto iliyokatizwa na kengele ya alfajiri. Mimi Mombasa sijafika. Nilikofika ni chini ya Land Rover, nikilala chali juu ya gunia, kutu ikiniingia machoni na grisi ikinidondokea mdomoni. Basi nitaandika juu ya hayo. Nitawapa mawaidha ya kufufua gari kuukuu, halafu nitawaeleza jambo ambalo mpaka sasa watu wanne tu ndio wanaolijua. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza langu: ukiona vyasimama, vimeundwa zaidi.

Kwa wale wasiojua Kibukusu, Kuka ni babu na khocha ni mjomba, ndugu ya mama. Kuka wangu anakaa karibu na soko la Chwele, huko Bungoma. Mimi naishi Kitale na mama yangu na dada yangu mdogo, na kila siku naenda shuleni kwa miguu na kurudi jioni, maana yetu ni shule ya kutwa. Khocha ni fundi wa jua kali papa hapa Kitale. Gereji yake ni paa la mabati juu ya nguzo sita, na ukuta wake ni magari yanayongoja spea.

Kuka alilinunua gari lake katika mnada mwaka wa 1989. Ni Land Rover fupi, Series III, ile ya inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mama anasema gari hilo lilibeba kila kitu pale kijijini: mahindi, saruji, wagonjwa, bibi harusi, na hata majeneza. Yeye mwenyewe alipelekwa hospitalini ndani yake usiku ule nilipozaliwa. Halafu siku moja injini ikachemka, ikanyamaza. Gari likasukumwa chini ya mparachichi, likakaa hapo miaka tisa. Kuku wakataga mayai kwenye kiti cha dereva.

Mwaka jana, likizo ya Aprili, mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mizani yake. Akalizunguka gari mara mbili, akaligonga teke, akataja shilingi elfu arobaini na tano. Kuka alikuwa karibu kukubali. Khocha ndiye aliyeomba.

"Mzee, nipe mpaka Krismasi. Likifika hapa likitembea lenyewe, hutaliuza. Lisipofika, mwite huyu bwana alichukue."

Kuka akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, akasema, "Krismasi si mbali."

Hivyo ndivyo lilivyovutwa kwa trekta hadi Kitale, nami nikawa mwanafunzi wa shule mbili: moja ya kalamu, Jumatatu hadi Ijumaa, na moja ya spana, Jumamosi.

Somo la kwanza lilikuwa la daftari. Nilidhani tutaanza kufungua nati mara moja, kumbe! Khocha alinipa kalamu na daftari la mraba, akaniagiza niandike kila kitu kinachotoka kwenye gari, kimetoka wapi, na kimekaa upande gani. Kila bolti iliingia kwenye mkebe wake, na kila mkebe ukawa na jina. Nyaya tulizifunga vikaratasi. Siku hizi mtu anaweza pia kupiga picha kwa simu kabla ya kufungua, na ni jambo jema, lakini simu huzima na daftari halizimi. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari bila daftari hubaki na nati kumi ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi.

Bolti zilizoshikwa na kutu usizilazimishe. Zipake mafuta, uziache zilale usiku kucha, asubuhi uzigonge kidogo kidogo kabla ya kuzifungua. Mimi nilikata mbili siku ya kwanza kwa sababu ya pupa, na Khocha akanifanya nitoboe vipande vilivyobaki kwa drili ya mkono mpaka jua likatua. Haraka haraka haina baraka, jama!

Somo la pili ni chasisi. Watu wengi wakiona gari kuukuu hutazama rangi na viti. Khocha hutazama chini. Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni ya alumini, kwa sababu lilipoanza kuundwa kule Uingereza mwaka wa 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Kwa hiyo bodi haiozi upesi. Lakini chasisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani kama bomba la pembe nne, na kutu huanzia ndani ambako jicho halifiki. Chukua nyundo ndogo ugonge polepole kutoka mbele hadi nyuma. Panapolia kama kengele pana uzima. Panapolia kama debe lenye mchanga, hapo pameoza. Tulipata sehemu tatu. Kiraka hakiwekwi juu ya kutu. Ile sehemu mbovu hukatwa mpaka ufikie chuma kizima, ndipo unachomelea chuma chenye unene uleule. Na kabla ya kuchomelea, toa betri na utoe tangi la mafuta. Kwa gari hili tangi liko chini ya kiti cha mbele. Ukisahau hilo, hutapata nafasi ya kusahau lingine.

Somo la tatu ni injini, na hapa ndipo vijana wenzangu mlipokuwa mkingoja. Injini ya zamani ilikuwa ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2286. Tulimimina mafuta kwenye matundu ya plagi, tukangoja siku tatu, pistoni zikaachia. Nikapiga kelele za furaha. Lakini Khocha alipofungua kichwa cha injini na kuisafisha bloku, akaona ufa uliopita kati ya silinda mbili. Akauonyesha kwa kidole bila kusema neno.

Alikuwa na injini nyingine pembeni, ya Toyota, ya dizeli, iliyotoka kwenye pikapu iliyopinduka. Basi akaamua kuivika Land Rover moyo wa Toyota. Jambo hili si geni kwetu. Mafundi wengi wa Kenya wamelifanya. Lakini si kutumbukiza tu injini kama viazi kwenye sufuria. Lazima utafute bamba la kuunganisha injini mpya na giaboksi ya zamani, na likae sawa kabisa, la sivyo klachi na besheni zitakufa upesi. Lazima upime kama tangi la oili chini ya injini halitagusa ekseli ya mbele gari likiruka shimo. Rejeta itoshe, vishikizo vya injini vichomelewe imara, bomba la moshi lisipite karibu na mpira wa breki. Ukishamaliza, nambari ya injini imebadilika, kwa hiyo gari lipelekwe likakaguliwe na hati zake zirekebishwe kupitia NTSA. Khocha alifanya hayo yote mwezi wa Oktoba.

Jioni moja tukiwa tunakunywa chai, Khocha alitoa gazeti kuukuu la magari lililotoka Ulaya, kurasa zimeshikana kwa oili. Ndani mlikuwa na picha za magari ya Marekani yanayoitwa hot rod. Akanieleza kwamba mwaka wa 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane. Magari hayo yalipochakaa, vijana wa California waliyanunua kwa bei ya kutupa, wakang'oa madigadi na kila kilichokuwa kizito, wakaziongezea injini nguvu, wakashindana kwenye mabonde makavu yaliyokuwa maziwa zamani. Wengine walishindana barabarani, miongoni mwa watu. Mwaka wa 1951 bwana mmoja aitwaye Wally Parks alianzisha chama cha National Hot Rod Association ili mashindano yatoke barabarani, yawe na uwanja wake na kanuni zake, na magari yakaguliwe kwanza.

"Unaona?" Khocha akasema. "Kuongeza mbio kila mtu anaweza. Kazi ni kuizuia hiyo mbio."

Nikamuuliza kama kwetu pia tumewahi kuwa na watu wa namna hiyo. Akacheka. "Wewe hujasikia habari za Joginder Singh?" Akanisimulia kwamba Joginder alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, na kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka wa 1953, wakiwa na Volvo ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Wakaitengeneza na kushinda. Akashinda tena mwaka wa 1974 na wa 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer. Tangu jioni ile nikawa najiona Joginder. Nilitembea shuleni na mikono yenye grisi makusudi, ili watu waulize.

Msomaji, hapa ndipo kicheko kinapokwisha.

Somo la nne lilikuwa la breki. Gari la Kuka lilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na mafuta yote yalitoka kwenye masta silinda moja yenye njia moja. Unapokanyaga pedali, mafuta husukumwa kwenye mirija, nayo husukuma vipande vya mpira ndani ya silinda ndogo zilizo kwenye kila gurudumu. Hewa ikiingia humo pedali huwa laini kama sifongo. Kwa hiyo huwa tunatoa hewa. Mmoja anakanyaga, mwingine analegeza kiparafujo kwenye gurudumu. Tunaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia.

Breki zilishika vizuri gari lilipokaguliwa. Lakini siku chache baadaye silinda ndogo ya gurudumu moja ikaanza kuvuja. Khocha akaibadilisha, na mafuta ya breki yakawa yamekwisha. Ilikuwa Jumamosi alasiri, na yeye alikuwa anaitwa kuangalia lori lililokwama. Akanipa noti: shilingi mia sita.

"Nunua chupa mpya, iliyofungwa. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, usikubali iliyofunguliwa. Jaza, utoe hewa na mwenzako, unifungie vizuri. Najua unaweza."

Najua unaweza. Maneno hayo mawili mpaka leo yananiwasha kama upupu.

Nje ya lango la shule yetu kuna mama auzaye mandazi na chai ya maziwa. Tangu muhula uanze nilikuwa nakula kwa mkopo. Leo mawili, kesho matatu, na wakati mwingine nikiwakirimia marafiki ili nionekane bwana mkubwa. Deni likafika shilingi mia tano na arobaini. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, na mama yule alikuwa ameniambia wazi kwamba asipolipwa wiki ile atakwenda kwa mama yangu. Mama yangu anauza mboga sokoni. Shilingi mia tano na arobaini kwake ni mazungumzo ya usiku mzima.

Nikapita kwa mama mandazi, nikalipa. Akanishukuru, akaniongezea moja bure. Nikalila.

Niliporudi gereji nikaona jerikeni ya mafuta ya haidroliki ya trekta. Rangi yake ilifanana. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Nikajaza, nikamwita kijana mwenzangu wa gereji akanyage pedali, tukatoa hewa gurudumu baada ya gurudumu. Pedali ikawa ngumu, nzuri. Khocha aliporudi akalizungusha gari uwanjani, likasimama vizuri. Akanipiga bega. "Fundi!" akasema.

Sikujua wakati ule, sasa najua. Mipira ya breki imeundwa iishi ndani ya mafuta ya breki peke yake. Mafuta ya injini, dizeli, petroli au haidroliki huivimbisha na kuilainisha. Haifi papo hapo. Inakaa siku kadhaa, inavimba taratibu, na wewe unajiona mjanja.

Jumamosi iliyofuata tuliondoka Kitale asubuhi kumpelekea Kuka gari lake. Khocha usukanini, mama mbele, mimi na dada yangu nyuma na gunia la unga. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Injini ilinguruma kwa furaha na watu wa barabarani walitupungia mikono. Tulipofika Kiminini nikasikia harufu ya kuungua. Khocha akasimama kando, akashuka, akagusa gurudumu moja kwa mgongo wa mkono, akauondoa haraka. Breki zilikuwa zinashika hata bila kukanyagwa.

Akaja nyuma nilikokuwa. "Kijana, yale mafuta uliyaweka mapya?"

Msomaji, mlango ulikuwa wazi. Barabara ilikuwa tambarare, gari limesimama, hakuna aliyeumia. Ningesema neno moja tu.

"Ndiyo, Khocha. Chupa mpya."

Akaamini. Akadhani ni vipande vya breki vilivyokazwa kupita kiasi, akavilegeza kidogo, akangoja magurudumu yapoe, tukaendelea.

Wanaoijua barabara ya Kitale kwenda Webuye wanaujua mteremko wa Kamukuywa kuelekea darajani. Tulianza kuteremka. Mbele yetu, mbali kidogo, kulikuwa na trekta likivuta trela la miwa. Khocha akakanyaga breki. Nikaona goti lake likienda chini, likaenda chini kabisa. Akakanyaga tena. Na tena. Hakuna kitu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shikeni." Akarudisha gia ya tatu, injini ikalia; akarudisha ya pili, ikalia kama inataka kutoka ndani ya boneti. Trela la miwa likawa linakua mbele yetu. Dada yangu alikuwa amenishika mkono akiuliza, "Mbona tunaenda mbio?" Mama alikuwa anasali kwa Kibukusu. Mimi nilikuwa najua, na ulimi wangu umekauka.

Ndipo Khocha akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akiachilia na kuvuta. Katika Land Rover za aina ile breki ya mkono haitumii mafuta. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi, kwa vyuma vitupu. Haifai kutumiwa gari likiwa mwendoni, isipokuwa siku ya kufa. Khocha alikuwa ameirekebisha kwa mkono wake mwenyewe. Gari likatetemeka mwili mzima, likanuka, likaelekezwa kwenye ukingo wa udongo, likaupanda kidogo na kusimama. Kati yetu na ile miwa palibaki kama hatua kumi.

Khocha akashuka, akafungua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Akachovya kidole, akakinusa, akakisugua na kidole gumba. Kisha akanitazama. Hakunipiga. Hakuniuliza kitu. Heri angenipiga.

Gari likavutwa tena kwa trekta hadi Kitale. Jioni hiyo Kuka akapiga simu kuuliza mbona hatujafika. Nilikuwa nimesimama karibu nikasikia sauti yake ikipanda: gari hilo linataka kumwulia watoto, afadhali mnunuzi wa vyuma alichukue, atamwita Jumanne. Na nikasikia jibu la Khocha:

"Mzee, gari halina kosa. Kosa ni langu. Mimi ndiye fundi."

Usiku huo sikulala. Khocha hakuwa na mali nyingine ila jina lake. Kama gari la baba yake mzazi limemshinda, nani atampelekea lake? Na jina hilo lilikuwa linauzwa kwa mandazi niliyokula mimi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini nilitambua kwamba wengine huburutwa juu yake pamoja naye.

Jumatatu alfajiri nilimwambia mama kila kitu. Alilia kidogo, halafu akafungua fundo la leso akanipa nauli. "Nenda ukamwambie mwenyewe," akasema. Nikapanda matatu hadi Kimilili, na nyingine hadi Chwele.

Kuka alikuwa ameketi chini ya mparachichi, pale penye mraba usiota nyasi ambapo gari lilikaa.

"Mulembe, Kuka."

"Mulembe, mjukuu wangu. Mbona peke yako?"

Nikapiga magoti nikaeleza. Sikuacha kitu: mia sita, mama mandazi, jerikeni, na ule uongo wa Kiminini. Kuka akasikiliza huku akichora chini kwa bakora yake. Nilipomaliza, kimya kikawa kirefu mpaka nikasikia kuku wakiparua.

"Khocha wako aliniambia kosa ni lake."

"Alisema hivyo kwa ajili yangu, Kuka."

"Na mama yako alikuwa ndani ya gari. Na yule mdogo."

"Ndiyo, Kuka."

Akanyamaza tena. Mwishowe akasema, "Kosa la chuma silisamehi, kwa sababu chuma hakijui kutubu. La mtu nitaliangalia. Mwambie mwanangu Krismasi haijasogea. Na wewe, hutashika kitabu wala mpira likizo hii. Utashika breki."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Likizo nzima nilifanya kazi bila malipo. Kila mpira uliogusa mafuta yale ulitupwa, hata uliokuwa unaonekana mzima: wa masta silinda, wa magurudumu, na mirija yote ya mpira. Mabomba ya chuma tuliyasafisha kwa spiriti mara kadhaa. Ngoma zilizokuwa na mafuta tulizikausha, vipande vya breki tukaviweka vipya. Isitoshe, Khocha akaweka masta silinda ya njia mbili, ambayo ingekuwa jambo la kwanza kufanya tulipoongeza nguvu za injini. Sasa magurudumu ya mbele yana mafuta yao na ya nyuma yana yao. Upande mmoja ukifa, mwingine utakusimamisha. Mafuta ya breki nilinunua mimi, kwa pesa nilizopata kwa kuosha matatu. Khocha alisimama nyuma yangu nilipovunja kizibo. Hakusema "najua unaweza." Hilo bado nalingojea.

Tarehe 23 Desemba tuliingia kwa Kuka. Nilidhani atafungua boneti aone injini ya Toyota, nami nilikuwa nimeshatayarisha maelezo. Hakuifungua. Alilizunguka gari mara moja, akauliza neno moja tu:

"Linasimama?"

Khocha hakujibu. Alinitazama mimi.

"Linasimama, Kuka," nikasema.

Kuka akapanda, akaliwasha, akateremka nalo mpaka langoni kwa mwendo ambao mama hakuupenda, akakanyaga. Likasimama papo hapo. Kuku mmoja aliyekuwa anapita mbele alipita taratibu, hata hakuinua kichwa.

Wapenzi wenzangu, kabla sijaweka kalamu chini, haya ndiyo niliyojifunza:

1. Andika kila unachokifungua.
2. Anza na chasisi, kisha breki, kisha usukani. Injini ingoje zamu yake.
3. Ukiongeza nguvu ya kwenda, ongeza kwanza nguvu ya kusimama.
4. Mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Hayana ndugu.
5. Ukikosea, sema gari likiwa bado limesimama.

Hilo la tano halimo katika kitabu chochote cha ufundi nilichosoma, lakini kwangu ndilo la kwanza. Na mandazi siku hizi nakula kwa pesa taslimu, au sili kabisa.

Wasalamu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.